Jinsi ya Kupima kama Shahada Inastahili Gharama Yake Kabla ya Kuomba Udahili

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, familia nyingi nchini Tanzania hukaa kikao, na swali linalotangulia kikaoni huwa ni chuo gani kitamchukua kijana. Swali la kama kozi anayoitaka itarudisha fedha na miaka itakayoliwa huja nyuma sana, mara nyingi baada ya mahafali, wakati ambapo hakuna tena la kubadilisha. Mwongozo huu umeandikwa ili swali hilo lije mwanzo. Unamhusu mwombaji mwenyewe, mzazi wake, na ndugu anayetegemewa kuchangia, na unahitaji kalamu, karatasi na jioni mbili au tatu za utulivu.

Niseme msimamo wangu mapema. Sioni ukweli katika kauli kwamba shahada haina thamani tena, wala katika kauli kwamba shahada yoyote ni bora kuliko kukosa shahada. Kinachopimika ni kozi fulani, katika chuo fulani, kwa bei fulani, ikilinganishwa na jambo lingine ambalo kijana huyohuyo angelifanya kwa miaka hiyohiyo. Bila kuvitaja vitu hivyo vinne kwa majina, mjadala wa kikao cha familia hautafika popote.

Anza na kozi, kisha utazame mlango inaoufungua

Kuna kozi ambazo bila shahada huwezi kabisa kuifanya kazi yenyewe, kwa kuwa sheria imeweka bodi au baraza mlangoni. Daktari wa binadamu husoma miaka mitano, akafanya kazi ya mazoezi hospitalini kwa mwaka mmoja, ndipo apate usajili kamili. Mhandisi humaliza miaka minne, akasajiliwa kama mhandisi mhitimu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha akafanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa kozi za namna hii swali halihusu haja ya shahada, kwa kuwa haja hiyo haina mbadala. Swali linahusu urefu wa safari yote, na familia nyingi huhesabu miaka ya chuo tu na kuisahau ile inayofuata.

Sheria ni mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hana budi kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo watu wengi huiita tu Shule ya Sheria, na huko kuna ada nyingine, muda mwingine na mitihani mingine. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka ilipojulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani wa taasisi hiyo ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza, na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza kilichotokea. Anayemsomesha mtoto sheria kwa matumaini ya uwakili anapaswa kuiingiza taasisi hiyo katika hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na uwezekano wa kurudia mitihani, badala ya kuishia kwenye joho la chuo kikuu.

Kundi la pili ni la kozi ambazo shahada inafungua mlango wa ofisi ambao umejaa watu. Utawala, maendeleo ya jamii, masoko, rasilimali watu na nyingine za jirani zao zimo humu. Sizidharau hata kidogo, kwani nchi inawahitaji watu waliozisoma vizuri, lakini mwombaji lazima ajue anaingia katika foleni ya namna gani. Mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Gawanya mwenyewe: kila nafasi moja iliombwa na watu zaidi ya 80. Hesabu hiyo haimaanishi kwamba kijana wako hatapata kazi. Inamaanisha kwamba miaka ya kusubiri ni sehemu ya gharama, nayo iandikwe kwenye karatasi kama gharama.

Kundi la tatu husahaulika, na kwangu ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa familia za kipato cha kawaida. Hizi ni kazi zinazofikiwa kwa njia mbili, moja ikianza na stashahada na nyingine ikienda moja kwa moja kwenye shahada. Tabibu na muuguzi huingia kazini kwa stashahada ya miaka mitatu. Fundi sanifu husoma stashahada katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Mhasibu anaweza kuanza na mitihani ya ngazi ya ufundi ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, akapanda hadi CPA, yaani sifa ya mhasibu mtaalamu, bila kukanyaga chuo kikuu. Nitarudi kwenye njia hizi baada ya hesabu, maana bila hesabu huonekana kama njia za walioshindwa, jambo ambalo si kweli.

Andika gharama zote, zikiwamo zile zisizokuja na ankara

Chukua karatasi na uigawe safu tatu: fedha zitakazotoka mfukoni, fedha zitakazokopwa, na fedha ambazo kijana hatazipata kwa kuwa yuko darasani.

Katika safu ya kwanza na ya pili, ada ndiyo rahisi kuijua, kwani kila chuo huitangaza. Kozi nyingi katika vyuo vya umma hutoza kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, ilhali udaktari katika vyuo binafsi hupita milioni tano. Chini ya ada huja vitu vidogo ambavyo vikijumlishwa havibaki vidogo: bima ya afya ya mwanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka, mchango wa uhakiki wa ubora wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, kompyuta mpakato ambayo mwaka wa kwanza unaweza kuazima lakini mwaka wa utafiti huwezi, nauli za kwenda na kurudi, na chumba cha kupanga mtaani pale hosteli zinapojaa, ambacho wenye nyumba wengi hutaka kilipiwe miezi sita kwa mkupuo. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo na chuo hichohicho akutajie alichotumia muhula uliopita. Jibu lake litakufaa kuliko kipeperushi chochote.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unahitaji kusomwa kwa utulivu, kwa kuwa watu wengi huuona kama zawadi wakati wa kusaini na kama adhabu wakati wa kulipa, na yote mawili ni makosa. Kwanza, haumfikii kila mwombaji, na anayeupata huenda akapangiwa sehemu tu ya ada kulingana na uhitaji wake, kwa hiyo familia isubiri orodha itoke kabla ya kudhani kwamba ada imelipwa. Pili, fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu likichelewa wiki tatu mwanafunzi hula kwa fedha ya nyumbani au kwa deni la dukani. Tatu, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Makato hayo yalikuwa asilimia 8 kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, hivyo usichukue ushuhuda wa mtu aliyemaliza kulipa zamani ukadhani utakuwa wako.

Hapo kuna jambo la haki linalopaswa kusemwa pia. Wahitimu wa zamani husimulia jinsi deni lao lilivyokua kila mwaka badala ya kupungua, na walisema kweli, kwa sababu kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Tozo hizo ziliondolewa mwaka 2021. Leo mkopo huu, ukiacha ada ndogo ya uendeshaji ya asilimia 1, ni nafuu kuliko fedha yoyote utakayokopeshwa na benki, na ni nafuu mno kuliko ya mkopeshaji wa mtaani. Ikiwa familia italazimika kukopa, ikope hapa kwanza.

Safu ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwa sababu haina risiti. Kijana anayekaa darasani miaka mitatu haingizi kitu, na kama angekuwa fundi umeme, mshonaji au mfanyabiashara wa mazao angekuwa akiingiza kiasi fulani. Kama familia inauza shamba ili kulipa ada, mavuno ya shamba hilo ya kila msimu nayo yaandikwe hapa, maana hayatarudi shahada itakapopatikana. Nimeona wazazi wakiandika bei ya shamba lililouzwa na kuyaacha magunia ambayo lilikuwa likitoa kila mwaka, na hapo hesabu nzima huwa imepotoka.

Fanya hesabu ya kurudisha

Msichana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikwenda kumsalimia baba yake mdogo, mtumishi wa halmashauri, akamwambia: "Shikamoo baba mdogo. Nimekuja unisaidie kuchagua kozi." Baba mdogo alipoitikia marahaba hakuchukua kitabu cha mwongozo wa vyuo. Alitoa hati yake ya mshahara akaiweka mezani, akamwambia aisome kwa sauti, mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Sijaona somo la ushauri wa kitaaluma lililo bora kuliko hilo, na ninapendekeza kila mwenye ndugu aliyeajiriwa aliombe.

Tuisome hati ya namna hiyo kwa mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mapato, inayokokotolewa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni 68,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 120,000, ambayo ni karibu mara mbili ya kodi. Kinachobaki ni 548,000. Kama mkopo wote ulikuwa milioni 12, ukiongeza ile ada ya asilimia 1, basi kwa makato ya 120,000 utachukua takriban miezi 101 kuisha, yaani miaka minane na miezi kadhaa, ingawa mshahara ukipanda makato nayo hupanda na deni huisha mapema.

Sasa weka upande wa pili. Tuseme kijana huyo, asingekwenda chuo, angekuwa fundi anayebakiwa na 250,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ya chuo amekosa milioni 9. Familia imetoa mfukoni, nje ya mkopo, milioni 6. Jumla ni milioni 15. Akiajiriwa mara tu anapohitimu, tofauti kati ya 548,000 na 250,000 ni 298,000 kwa mwezi, na milioni 15 zitarudi baada ya miezi 50 hivi, yaani miaka minne na ushei. Hiyo ni biashara nzuri, na anayeiita hasara hajahesabu.

Lakini hebu abaki nyumbani miaka mitatu akituma maombi bila kipato cha maana. Milioni 9 nyingine zinaongezeka, jumla inafika milioni 24, na muda wa kurudisha unapanda hadi miezi 80 na zaidi baada ya kuajiriwa. Tangu siku aliyoingia chuo hadi gharama irudi ni karibu miaka kumi na tatu. Na kama fundi yule, kwa uzoefu wa miaka sita, amefika 400,000 kwa mwezi, tofauti inashuka hadi 148,000 na muda wa kurudisha unazidi miaka kumi na tatu kuanzia ajira peke yake. Utaona kwamba ada haikubadilika hata kwa shilingi moja katika mifano yote hii. Kilichobadilisha jibu ni muda wa kusubiri kazi na nguvu ya kile ambacho kijana angekifanya badala ya kusoma. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba familia zitumie nguvu nyingi kuchunguza mambo hayo mawili, kuliko kubishana kama ada ya milioni moja na laki tatu ni ghali.

Tumia namba zako, si zangu. Viwango vya serikali hubadilika, kama ilivyotokea Julai 2025 ambapo kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kupunguza pengo kati ya ngazi ya cheti, stashahada na shahada, na pengo hilo ndilo unalolilipia.

Chunguza soko la kazi kwa macho yako

Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na magazeti ya miezi mitatu iliyopita, utafute matangazo ishirini ya kazi ambayo mwombaji angeitaka. Andika kila tangazo linataka nini: shahada gani kwa jina lake, stashahada inakubalika au la, uzoefu wa miaka mingapi, na usajili wa bodi ipi. Kazi hii huchosha lakini hufumbua macho. Utakuta shahada yenye jina zuri haitajwi katika tangazo hata moja kati ya ishirini, na utakuta nyingine, ambayo hakuna mtu aliyeisifia, imetajwa mara saba. Utakuta pia kwamba waajiri binafsi hudai uzoefu, kwa hiyo kozi yenye mafunzo kwa vitendo ya kweli, ambapo mwanafunzi hushika kazi badala ya kutumwa chai, ina thamani kubwa kuliko inayolingana nayo kwa jina.

Kisha tafuta wahitimu watatu wa kozi hiyo waliomaliza kati ya miaka miwili na mitano iliyopita. Aliyemaliza miaka ya tisini aliajiriwa katika nchi nyingine, hata kama ni hiihii. Waulize walisubiri muda gani, kazi ya kwanza ilipatikanaje, na katika darasa lao wangapi wanafanya kazi inayohusiana na walichosoma. Uliza kwa adabu na faraghani, kwa sababu wengi wanaona aibu kusema mbele ya wazazi wao.

Hakiki pia kwamba chuo na kozi vinatambuliwa, kwa shahada kupitia orodha za TCU na kwa stashahada kupitia NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Chuo kutambuliwa hakutoshi; jina la kozi yenyewe lazima liwemo. Vipo vyuo vilivyofutiwa usajili miaka ya karibuni, na wanafunzi wao wakalazimika kuhamia kwingine.

Njia ya stashahada kwanza

Kwa familia isiyo na akiba, nashauri njia hii izingatiwe kwa uzito mkubwa kuliko inavyopewa sasa. Aliyemaliza kidato cha nne na kuingia stashahada ya miaka mitatu huhitimu wakati mwenzake aliyepita kidato cha tano na sita yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Anaweza kufanya kazi, akaona kama anaipenda, kisha akaomba shahada kwa sifa linganishi, ambapo TCU kwa kawaida hudai wastani wa B au GPA ya angalau 3.0 katika stashahada, ilhali mwenye kidato cha sita hudaiwa alama 4.0 kutoka masomo mawili. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Na aliyekwisha kuajiriwa anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku akiendelea kupokea mshahara, jambo linaloifuta karibu yote safu ya tatu ya karatasi yetu, na hiyo ndiyo safu iliyokuwa nzito kuliko zote.

Njia hii ina ugumu wake. Kusoma na kufanya kazi huchukua miaka mingi zaidi, na wapo wanaoishia njiani majukumu ya ndoa na watoto yanapoongezeka, hasa wanawake, ambao huachiwa nyumba na masomo kwa pamoja. Familia inayomshauri binti yake apite hapa imwahidi pia msaada wa kulea, na ahadi hiyo itimizwe.

Kwa upande mwingine, aliyepata ufaulu wa juu sana wa sayansi katika kidato cha sita asiharakishe kwenda kwenye stashahada. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, humlipia mwanafunzi wa namna hiyo masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba bila deni, na kwake hesabu yote niliyoonyesha hubadilika.

Yasiyohesabika kwa shilingi

Elimu humpa mtu uwezo wa kufikiri, marafiki wa maisha, heshima, na kwa mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo mzima, humfungulia njia kila anayemfuata. Ninaamini hivyo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba faida hizo zilipiwe kwa fedha ambayo familia inaweza kuimudu. Mzazi mwenye uwezo anayetaka mwanawe asome falsafa au historia kwa sababu anaipenda, na amsomeshe bila kusita. Mzazi anayeuza shamba pekee alilo nalo, huku wadogo watatu wakiwa bado sekondari, hana nafasi hiyo, na anastahili kuambiwa ukweli kabla hajasaini hati ya mauzo.

Hesabu ikikamilika, linganisha angalau machaguo mawili kwa karatasi mbili tofauti: kwa mfano shahada ya kwanza katika chuo cha umma kilicho mbali, na stashahada katika chuo cha mkoani ambako kijana atalala nyumbani. Weka kwa kila moja makadirio ya kusubiri kazi mwaka mmoja, kisha miaka mitatu. Chaguo linalobaki salama hata kwa miaka mitatu ndilo la kuombea kwanza. Ukidahiliwa na zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba ya kuthibitisha chuo unachokitaka. Usiiingize kwenye mfumo siku hiyohiyo kwa furaha. Rudi kwenye karatasi, piga simu ofisi ya udahili uulize gharama ambazo hazikuandikwa kwenye barua, hakiki kiasi cha mkopo ulichopangiwa kama kimeshatoka, na uthibitishe kabla ya tarehe ya mwisho.